Sili Haifi Bure: Kumpima Fundi wa Jeki za Ekskaveta Usambara

Masika yakishakolea Usambara, udongo mwekundu huporomokea barabara ya Mombo–Lushoto, na zile kilomita 32 hivi za kona juu ya kona hazipitiki mpaka ekskaveta ipande kuja kuzoa. Siku mtambo wenyewe unapoegeshwa pembeni karibu na Soni, jeki ya mkono wake ikichuruzika mafuta, utasikia kauli ileile: "Bosi, sili zimeisha." Usimlipe mtu kwa kauli hiyo. Sili haiishi tu kama kipande cha sabuni. Kuna kilichoiua, na fundi anayeijua kazi hukutajia muuaji kabla hajakutajia bei. Anayefunga seti mpya ya sili bila kumjua muuaji huyo ataifungua tena jeki hiyohiyo, na wewe utanunua seti nyingine.

Shingoni mwa jeki, pale rodi inapotokezea, sili hukaa kwa kufuatana. Ya nje kabisa ni sili ya vumbi, inayokwangua matope rodi inaporudi ndani. Nyuma yake iko sili ya rodi, inayozuia mafuta yasitoke, na kwenye mitambo mingi nyuma ya hiyo kuna bafa, inayopokea kishindo cha presha baketi linapogonga mwamba. Kuna pia pete za kuongozea, ambazo hazizuii mafuta hata kidogo. Kazi yake ni kuishika rodi katikati, chuma kisisuguane na chuma. Ndani kabisa, pistoni ina sili yake.

Presha kwenye ekskaveta ya tani 20 hufika bar 350 hivi, na hakuna mpira utakaoizuia kwa kubana tu. Siri iko kwenye mdomo wa sili. Mdomo huo hutazama upande wa mafuta, presha ikipanda huupanua na kuukandamiza kwenye chuma, kwa hiyo kazi ikizidi uzito sili nayo huzidi kubana. Ujanja huu si wa jana. Joseph Bramah alipopata hataza ya mashine yake ya kukandamiza kwa maji huko London mwaka 1795, ilihitaji sili ya ngozi yenye mdomo wa namna hii ili ifanye kazi, na wengi wanampa sifa ya kuibuni sili hiyo Henry Maudslay, aliyekuwa fundi kwenye karakana yake.

Ukilishika hilo la mdomo, uvujaji wenyewe unaanza kukueleza mambo. Jeki inayodondosha usiku ikiwa imeegeshwa, lakini mchana kazini ikawa kavu, mdomo wa sili yake umekakamaa: hauna tena mbano wake wenyewe, unangoja presha iusukume. Inayovuja ikibeba mzigo tu, ama mdomo umechanika ama rodi ina mkwaruzo. Utando mwembamba wa mafuta kwenye rodi si ugonjwa, kwani sili inayosugua chuma kikavu haidumu. Ugonjwa ni matone, na lile pete la tope lililolowa mafuta shingoni.

Bumu, ile nguzo kubwa inayobeba mkono, likishuka lenyewe ni kesi nyingine, na ndipo mafundi wa kubahatisha wanapoumbuka, maana huivamia jeki moja kwa moja. Kuna kipimo kimoja kilichomo kwenye vitabu vya ufundi vya kampuni ya Komatsu, na hakigharimu kitu. Nyanyua bumu, zima injini, hakikisha hakuna mtu chini yake, kisha tazama linavyoshuka. Swichi ikiwa imewashwa ila injini haiungurumi, vuta wenzo kana kwamba unanyanyua. Kasi ya kushuka ikiongezeka, sili ya pistoni ndiyo mbovu, kwa sababu umeyafungulia njia ya kurudi tangini mafuta yaliyopenya upande wa pili wa pistoni. Kasi isipobadilika, iache jeki, katafute kwenye vali. Fundi ambaye hajawahi kusikia kipimo hiki anaweza kuwa hodari wa kufungua nati, lakini utambuzi usimwachie yeye.

Jeki ikishafunguliwa, omba sili za zamani uzishike mkononi. Zitafutwe mafuta, ziwekwe juani, zisomwe. Iliyokakamaa na kupasuka ukiikunja imeuawa na joto. Iliyotafunwa kwenye kisigino, upande usiokuwa na mdomo, imesukumwa na presha hadi kwenye uwazi uliokuwa umepanuka, na hapo pete za kuongozea ziangaliwe kabla ya kitu kingine. Iliyolika upande mmoja inasema rodi imepinda au pete hizo zimekwisha. Yenye michirizi inayofuata mwendo wa rodi imeliwa na mchanga. Iliyoungua sehemu moja na kuwa nyeusi iliunguzwa na hewa iliyonaswa ndani ya jeki, ikagandamizwa ghafla hadi mvuke wa mafuta ukawaka. Na poliyurethani inayomeguka vidoleni imekunywa maji: maji ya moto huivunjavunja polepole, na mafuta ya haidroliki yaliyogeuka rangi ya maziwa ni shahidi wa pili.

Milimani huku, mshukiwa wangu wa kwanza ni sili ya vumbi. Ni ya bei ndogo kuliko wenzake, ndiyo maana hudharauliwa. Tope la mfinyanzi hushika kwenye rodi mchana, likikauka linakuwa na chembe za mwamba kama msasa, na sili ya vumbi iliyochoka huziruhusu zote ziingie. Ukisikia fundi anasema "hii ya nje bado inafaa, tuirudishe", mwambie apumzike.

Kisha rodi. Pitisha ukucha juu yake, kwa kuizunguka na kwa urefu. Ukucha ukikwama, sili mpya inaenda kuchanwa. Jeraha dogo la jiwe linaweza kusawazishwa kwa jiwe laini la kunolea, na msasa mwembamba upite kwa kuzunguka rodi, kamwe si kwa urefu wake, kwani kila mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa mafuta. Kromu iliyobanduka au kuota vishimo vya kutu haina dawa ya msasa. Rodi iende Tanga au Dar es Salaam ikapigwe kromu upya. Gharama itakuuma mara moja.

Ununuzi wa seti nitausema kwa kifupi. Iwe Gerezani ya Dar es Salaam au duka la Mombo, kataa sili iliyotundikwa msumarini, maana imeshapinda, na iliyokaa kwenye kioo cha dirisha ikipigwa na jua. Ipeleke kwenye mwanga uutazame mdomo: uwe mkali na wa mstari mmoja, bila vijinyama vya kiwandani. Uliza tarehe ya kutengenezwa, si jina la kampuni peke yake.

Wakati wa kufunga, tazama mikono na meza. Fundi mzuri hufunika nyuzi za rodi kwa plastiki ili zisiikate sili inapopita, huipasha sili kwenye mafuta ya moto kiasi ilainike, huikunja kwa ndani na kuiingiza kwa kijiti laini cha plastiki au mbao. Bisibisi ikikaribia mdomo wa sili, simamisha kazi hapohapo, hata kama kumeshachelewa na wasafiri wanapiga honi.

Mengine ni ya opareta. Mtambo ukilazwa mkono ukiwa umenyooshwa mbele, baketi limefunguliwa na bumu limeshushwa chini, karibu rodi zote zinaingia ndani. Kwenye barabara nyembamba za Usambara nafasi hiyo mara nyingi haipo, inabidi mkono ukunjwe ili magari yapite, na rodi ya mkono inalala nje kwenye ukungu usiku kucha. Basi ipakwe grisi jioni, na asubuhi ifutwe kwa kitambaa safi kabla ya kuwasha. Julai, kwa baridi ya Lushoto, mafuta yawe yamepata joto kwanza ndipo mtambo upewe kazi nzito.

Na jeki iliyotoka kufungwa isipelekwe kuchimba hapohapo. Injini iungurume polepole, rodi itolewe na kurudishwa taratibu mara kadhaa bila kugonga mwisho, mpaka hewa iishe ndani, kisha mafuta ya tangi yakaguliwe na kuongezwa. Fundi anayedai pesa yake kabla hatua hiyo haijafanyika asubiri kidogo, na kesho yake asubuhi mkaitazame pamoja ile shingo ya jeki.