Stadi za Shujaa Hukuaje? Mwindo na Daftari la Mchezaji

Katika michezo ya kuigiza wahusika, ile ichezwayo mezani kwa dadu na karatasi, swali moja halijatulia tangu Dungeons & Dragons ilipochapishwa Marekani mwaka 1974: mhusika apateje ustadi? Mchezo huo ulijibu kwa hesabu: aue zimwi, atwae hazina, ajumlishiwe pointi, apande ngazi. RuneQuest ya mwaka 1978 ilishika njia nyingine: stadi hukua kwa kutumiwa, na kadiri mtu ajuavyo zaidi ndivyo kuongeza kunavyokuwa kugumu. Jibu hili lina busara zaidi, kwani lamtambua mtu anayejifunza. Hata hivyo, yote mawili yamwacha mhusika peke yake na daftari lake.

Tuupime mtazamo huo kwa utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, wakauchapisha Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo azaliwa akitembea na kusema. Kuzimuni kwa Muisa apewa kazi ya kupanda migomba na ya kurina asali, naye azimaliza. Nguvu anazo tangu mwanzo. Hakuna pointi ya kumwongezea. Je, hakui?

Akua, ila si kwa ushindi. Baada ya kumwua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba mwenye radi, achukuliwa mbinguni mwaka mzima, ateswe kwa baridi, mvua na jua, kisha akatazwa kuua mnyama. Arudi na uwezo uliopunguzwa, lakini sasa aweza kuwaagiza watu waishi bila ugomvi, wala wasimcheke kilema. Ushindi ambao daftari lingemlipa ndio uliomponza.

Mwongozo wa Advanced Dungeons & Dragons wa mwaka 1979 ulilikaribia jambo hili: mhusika alipaswa kufunzwa kabla ya kupanda, na aliyeenenda kinyume cha kazi yake alikawia zaidi mafunzoni. Lakini kukawia huko kulilipiwa dhahabu. Kosa likageuka bei. Katika bwami ya Warega, huku kwetu Maniema, mali pia ilitolewa ili mtu apande kutoka kongabulumbu hadi kindi. Tofauti ni kwamba mali hiyo ilichangwa na ndugu, na aliyepanda alifunzwa methali zilizofumbwa katika ngoma na vinyago. Hivyo kila daraja lilimfunga kwa watu wengi zaidi. Wabelgiji walipoipiga marufuku mwaka 1948, walipiga marufuku shule.

Mwanafunzi wetu atakayemweka Mwindo mezani asimpe ngazi kumi na upanga. Daftari lake liwe na safu mbili zaidi: alichokatazwa, na anaowiwa. Bila hizo atabaki na jina la Mwindo tu. Mwenyewe atakuwa amepotea.