Umemeza Saa Ngapi? Takrolimusi na Funga ya Ramadhani Pemba

Tangu Muhimbili ipandikize figo kwa mara ya kwanza nchini, Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma kufuata mwaka 2018, swali gumu limehamia majumbani: dozi. Upasuaji huisha siku hiyohiyo. Dozi hupangwa na kupanguliwa maisha yote.

Takrolimusi ni dawa ya kuizuia kinga ya mwili isiikatae figo. Ikipungua mwilini, kinga huishambulia figo ngeni. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza figo hiyohiyo, mikono hutetemeka na sukari hupanda. Utafiti wa Symphony, uliochapishwa mwaka 2007, ulilenga nanogramu 3 hadi 7 za takrolimusi kwa mililita ya damu, pamoja na dawa za mikofenoleti na predinisoloni, na figo zikafanya kazi vizuri kuliko kwenye mipango mingine iliyolinganishwa. Lakini namba hiyo ina maana pale tu damu inapochotwa kabla ya kumeza dozi inayofuata, saa 12 baada ya ile iliyopita.

Ramadhani huvuruga hesabu hiyo. Madaktari wengi humkataza mgonjwa kufunga mwaka wa kwanza. Baadaye, figo ikitulia, wapo wanaoruhusiwa. Pemba watu hufunga saa 13 na ushei. Anayemeza dozi wakati wa daku saa 10:30 alfajiri na wakati wa futari saa 12:30 jioni ana pengo la saa 14 mchana na saa 10 usiku. Akifika kliniki kuchotwa damu saa 3 asubuhi, dawa ya daku bado imejaa kwenye damu. Kipimo kitasoma juu, daktari asiyeuliza atapunguza dozi, na baada ya wiki chache kriatinini, kipimo kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, itaanza kupanda. Huyo hakuwa na dawa nyingi hata kidogo. Tena Waafrika wengi wana jeni inayoivunja takrolimusi haraka, hivyo huhitaji miligramu nyingi kuliko Wazungu. Kuwapunguzia kwa kubahatisha ni hatari maradufu.

Futari nayo ina lake. Mafuta hupunguza ufyonzwaji wa dawa, na muhogo wa nazi una mafuta ya kutosha. Afungue kwa maji, ameze, asali Magharibi, kisha angoje mpaka saa nzima ipite ndipo ale. Balungi asiliguse kabisa, kwani hupandisha kiwango.

Mimi ningependelea kidonge cha mara moja kwa siku, pale kinapopatikana, kimezwe jioni. Kisipopatikana, damu ichotwe Mkoani au Chake Chake kabla ya adhana ya Magharibi, kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, na saa ya dozi ya mwisho iandikwe kwenye fomu. Kinachopimwa ni damu nzima, nayo kwenye friji hudumu siku kadhaa bila kiwango kubadilika, kwa hiyo hata ikisubiri boti ya kesho kupelekwa maabara, majibu yatakuwa ya kweli.