Upanga Mweusi Ulitoka Wapi? Mapenzi ya Michael Moorcock kwa Vitabu, Vibonzo, Picha na Muziki

Mtahiniwa akiulizwa aeleze athari zilizomjenga mwandishi fulani, aghalabu huandika orodha. Mwandishi alisoma kitabu hiki, akakipenda kile, akavutiwa na mtunzi yule. Kisha mtahiniwa huyo anahamia swali linalofuata akidhani amemaliza. Nimesahihisha majibu ya aina hiyo kwa miaka mingi, na nakiri kwamba kosa si la mwanafunzi peke yake. Sisi walimu ndio tuliomzoesha kuuona wasifu wa mwandishi kama utangulizi wa kupitiwa harakaharaka kabla ya kuyafikia maudhui. Ninavyoona mimi, mambo anayoyapenda mwandishi huingia katika fani ya kazi yake. Ila kabla ya kulitamka neno "athari", mhakiki ana mambo mawili ya kuthibitisha: kwamba mwandishi aliifahamu kazi inayotajwa, na kwamba alipoichukua aliigeuza kwa namna inayoonekana katika matini.

Mfano wangu ni Michael Moorcock, mtunzi wa riwaya za kifantasia aliyezaliwa London mwaka 1939. Hayumo katika silabasi yetu, na hilo lina faida yake, kwa kuwa hakuna mwongozo wa kunakili. Isitoshe, ni mwandishi asiyeona haya kutaja alikochota. Akiwa na umri wa miaka 17, mwaka 1957, tayari alikuwa mhariri wa jarida la Tarzan Adventures, lililochanganya vibonzo na hadithi fupi. Baadaye aliandika vibonzo kwa kampuni ya Fleetway, na mwaka 1962 kikatoka kitabu alichoshiriki kukitunga katika mfululizo wa mpelelezi Sexton Blake. Huo ndio uliokuwa uanagenzi wake: fasihi pendwa, ya bei nafuu, inayosomwa ndani ya basi na kutupwa.

Mhusika wake maarufu zaidi, Elric, alijitokeza mara ya kwanza mwaka 1961 katika hadithi iitwayo The Dreaming City. Elric ni mfalme wa 428 wa Melniboné, kisiwa kilichotawala dunia kwa miaka elfu kumi na sasa kimeoza. Ana ualbino, macho yake ni mekundu, na mwili wake ni dhaifu kiasi kwamba hawezi kusimama bila dawa. Nguvu anaipata kutoka kwa upanga mweusi, Stormbringer, unaokunywa roho za wanaouawa nao na kumpa mwenyewe sehemu ya uhai huo. Tatizo ni kwamba upanga una hiari yake. Unawaua adui, kisha unawaua marafiki. Unamuua Cymoril, mwanamke ampendaye Elric.

Mhusika huyu alitoka wapi? Moorcock mwenyewe alimtaja Monsieur Zenith, mhalifu katika hadithi za Sexton Blake aliyebuniwa na Anthony Skene. Zenith naye ana ualbino na macho mekundu, huvaa nadhifu kama aendaye karamuni, na huvuta afyuni. Ukimweka kando ya Elric utaona ndugu wawili. Lakini Zenith yumo pembeni mwa hadithi, ni mpinzani wa mpelelezi. Moorcock alimtoa pembeni akamketisha katikati, akampa ufalme na majuto. Hapo ndipo mhakiki anapoanza kupata alama, kwenye kile kilichobadilika.

Kuna wa pili, naye amegeuzwa kabisa juu chini. Ni Conan wa Robert E. Howard, mtunzi Mmarekani aliyefariki mwaka 1936. Conan ni mshenzi mwenye misuli anayetoka nyikani na hatimaye kutwaa kiti cha enzi. Elric amezaliwa katika kiti cha enzi, naye anakiacha. Conan anautegemea mkono wake, ilhali Elric bila upanga wake ni mgonjwa. Conan anaushinda ustaarabu uliochakaa. Elric ndiye ustaarabu wenyewe uliochakaa, na ndiye anayewaongoza maharamia kuuteketeza mji wake. Ninaposoma hadithi hiyo ya 1961 siwezi kusahau kwamba miaka hiyohiyo dola ya Uingereza ilikuwa ikishusha bendera zake, ikiwemo ya hapa kwetu mwaka 1963. Huo ni usomaji wangu, na mwanafunzi akiutumia autaje kama usomaji, asiufanye ushahidi.

Tunao mfano wa karibu nyumbani. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliposoma hadithi za Sherlock Holmes, alitupa Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Mtahiniwa wa kawaida huishia kwenye kiko. Kilicho muhimu ni kwamba katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) mantiki ya mpelelezi wa London inakabiliwa na imani ya mizimu na mafundo ya ukoo na mirathi, mambo yasiyokuwa katika mtaa wa Holmes. Kiko kiliazimwa, mafundo hayo ni ya Abdulla mwenyewe.

Turudi kwa Moorcock na tutazame picha. Rafiki yake wa ujanani, mchoraji James Cawthorn, alichora katika Tarzan Adventures, akamchora Elric mapema, na mwaka 1976 akaitoa riwaya ya Stormbringer yote kwa vibonzo. Mwaka 1972 Elric alikuwa amekwisha kuingia katika toleo la 14 na la 15 la vibonzo vya Conan huko Marekani, ambako shujaa na kinyume chake walikutana uso kwa uso. Kisha kati ya 1997 na 1998 Moorcock alishirikiana na Walter Simonson katika vibonzo vilivyoitwa Michael Moorcock's Multiverse. Kwa hiyo kwake kibonzo hakikuwa ngazi ya utotoni ya kupandia na kuiacha. Nayataja haya nikikumbuka mwalimu mmoja aliyekuwa na kabati lililojaa vijitabu vya picha alivyowanyang'anya wanafunzi. Wenye vijitabu hivyo walikuwa miongoni mwa wasomaji hodari wa darasa, na sijui kama yeyote aliwahi kuwauliza walichokiona humo.

Mapenzi yaliyomkomaza zaidi, kwa maoni yangu, ni yale aliyokuwa nayo kwa Mervyn Peake (1911–1968). Peake alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mtunzi. Alichora picha za Treasure Island, kitabu ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina. Riwaya zake za Titus Groan (1946) na Gormenghast (1950) zinasimulia kasri kubwa mno, lenye mapaa, ngazi na korido zisizokwisha, na ukizisoma unahisi kwamba mwandishi anaangalia jinsi mwanga unavyoangukia ukuta kabla ya kumleta mhusika. Moorcock alimfahamu Peake na mkewe Maeve Gilmore, akaendelea kuipigania kazi yake Peake alipokuwa mgonjwa na baada ya kufa. Riwaya yake ya Gloriana (1978) imetabarukiwa kwa kumbukumbu ya Peake. Humo mna kasri tena, ila safari hii ndani ya kuta zake kumejificha vyumba vilivyosahaulika ambamo waliotupwa na utawala wanaishi gizani, huku malkia akisifiwa kwa amani na haki. Kwa Peake kasri ni mila inayomkaba kijana Titus. Moorcock alilifanya jazanda ya dola inayong'aa juu na kuficha uchafu ndani ya kuta.

Na muziki? Wengi hulitaja jambo hili kama kichekesho, kwamba mzee wa riwaya alipiga gitaa. Hapana. Katika The Final Programme (1968) Moorcock aliisimulia upya ile hadithi ya kwanza ya Elric, lakini sasa katika London ya kisasa, na mhusika mkuu, Jerry Cornelius, ni kijana mwanamuziki. Jina la Deep Fix, bendi ya Cornelius, baadaye likawa la bendi ya Moorcock mwenyewe, iliyotoa albamu ya New Worlds Fair mwaka 1975. Aliandikia na kughani na kundi la Hawkwind, ambalo mwaka 1985 lilitoa albamu nzima kuhusu upanga mweusi. Kundi la Blue Öyster Cult la Marekani nalo likatoa wimbo wa Black Blade mwaka 1980, Elric akijisemea mwenyewe. Ninachoshikilia ni kwamba muziki unaeleza muundo wa kazi zake. Moorcock ana dhana ya Bingwa wa Milele: Elric, Cornelius, Hawkmoon na wengine ni mtu mmoja katika dunia nyingi. Mhakiki anayemshtaki kwa kujirudia amesikia nusu tu. Msikilizaji wa taarabu hamshtaki mpiga fidla kwa kuurudia mkondo wa wimbo. Anasubiri aone safari hii ataupinda wapi. Hata hivyo sitamtetea kupita kiasi. Baadhi ya riwaya zake za awali, zikiwemo za Hawkmoon, aliziandika kwa siku tatu tatu kila moja, na katika kurasa nyingi haraka hiyo inaonekana.

Linabaki lile alilolichukia. Katika insha ya Epic Pooh (1978) Moorcock alimshambulia J.R.R. Tolkien, akidai kwamba nathari yake ni ya kumbembeleza mtoto alale. Badala yake alimsifu Poul Anderson, ambaye riwaya yake ya The Broken Sword (1954) ina upanga uliolaaniwa, uliochukuliwa kutoka ngano za watu wa Kaskazini mwa Ulaya. Hiki hapa kisima kimojawapo cha Stormbringer, nacho tuna ushahidi kwamba Moorcock alikinywea.

Sasa mtego. Katika The Silmarillion ya Tolkien kuna Túrin, mwenye upanga mweusi uliomuua rafiki yake, unaozungumza, na ambao mwishoni unamwondolea uhai. Elric naye anauawa na Stormbringer. Mwanafunzi mwepesi ataandika kwamba Moorcock alimwiga Tolkien. Lakini The Silmarillion ilichapishwa mwaka 1977, wakati Elric alikuwa amekwisha kuuawa na upanga wake katika riwaya ya 1965. Tolkien kwa upande wake alikuwa amevutiwa na Kullervo, kijana wa utenzi wa Kalevala wa Finland anayeuuliza upanga wake kama uko radhi kumuua, nao ukamjibu. Watu wawili waliotofautiana namna hiyo walikuwa wamepiga magoti kwenye visima vya Kaskazini vinavyopakana, na yule wa pili alimtukana wa kwanza mwaka mmoja tu baada ya upanga wa Túrin kuchapishwa.