Ukali Wenye Kikomo: Mzazi na Mwana Aliyekua katika Jadi ya Meru na Embu

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapokutana na mzazi mkali katika riwaya au tamthilia, mara nyingi humpa nafasi moja tu, nayo ni ya kikwazo. Mwana ndiye mhusika anayekua, anayesafiri na kubadilika. Mzazi ni ukuta anaopaswa kuuruka. Msamiati wa "mgongano wa ukale na usasa" umeurahisisha mno uhusiano huu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jadi ya Wameru na Waembu, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, inatupa njia nyingine ya kusoma. Hoja yetu ni kwamba katika jadi hiyo uhuru wa mwana ulikuwa pia tukio katika maisha ya mzazi: ulimwondoa alipokuwa, ukampeleka mahali pengine. Mzazi asipokuwa na mahali hapo pengine, hugeuka mlinzi asiye na cha kulinda. Naye ndiye tunayemkuta katika riwaya.

Tuanze na Meru. Kijana wa kiume aliyekwisha kutahiriwa hakurudi kulala kwa mamaye. Aliingia gaaru, nyumba ya vijana mashujaa, akawa chini ya nidhamu ya wenzake waliomtangulia. Kuondoka huko hakukuwa utoro wala ukaidi, kwani ndiko kulikotarajiwa na wote. Upande wa pili wa jambo hili ndio usiozingatiwa sana. Mfumo wa marika uliwasogeza watu wote kwa pamoja: rika jipya lilipotwaa ushujaa, lililotangulia liliingia katika ndoa na malezi, wazee waliokuwa juu yao wakashika utawala, na watawala wa jana wakabaki na shughuli za ibada. Makabidhiano hayo yaliitwa ntuiko. Hayakuwa ya upole sikuzote, kwa kuwa walio juu walipenda kuchelewa na walio chini walipenda kusukuma. Hata hivyo, kwa istilahi zetu, msuko wa maisha ya mwana na ule wa maisha ya mzazi ulikuwa msuko mmoja. Mfumo haukumtaka baba awe na moyo mkubwa wa kumwachilia mwanawe. Ulimpa kazi nyingine ya kufanya.

Huko Embu, utaratibu wa kutoa majina unaikamilisha picha hii. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la nyanya mzaa baba; wanaofuata huelekezwa kwa wazazi wa mama. Kwa hiyo mwana anayetoka, akaoa na kuzaa, hurudi na kitu ambacho mzazi hawezi kujipatia mwenyewe: jina lake katika mwili mpya. Mzazi anayemzuia mwanawe asiondoke hulizuia pia jina lake lisirudi. Usimulizi huu ni wa duara, na ndani yake kuondoka kwa mwana hakuhesabiwi kuwa hasara.

Je, hutokea nini duara hilo linapokatwa? Historia ya Meru ina jibu katika neno moja. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, halmashauri ya wazee ya Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana, nyuma yake kukiwa na msukumo wa utawala wa kikoloni. Wasichana walikusanyika wao kwa wao, wakakeketana kwa nyembe za dukani. Katika muda wa miaka mitatu hivi, zaidi ya watu 2,400, wasichana wenyewe wakiwamo, walishtakiwa kwa kukiuka amri hiyo. Wasichana hao wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Jina hili linastahili kusomwa kama matini kamili. Jando na unyago ni vitendo anavyotendewa mtu na wakubwa wake, mnyago hajifundi. Kiambishi cha kujirejea, -ji- katika tafsiri yetu, kinawafuta wote waliopaswa kuwapo: mkeketaji, somo na mama. Methali yetu husema mtoto akililia wembe mpe. Hapa hakuna aliyeliliwa, wala hakuna aliyetoa.

Hatuutetei ukeketaji. Madhara yake yanajulikana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeuharamisha. Linalotuhusu hapa ni umbo la tukio. Lynn Thomas, mwanahistoria aliyelichunguza kwa kina, ameonyesha kwamba tendo hilo halikumfanya msichana kuwa mwanamke tu. Lilimpa pia mamaye hadhi na mamlaka miongoni mwa wanawake. Amri ya 1956 iliufunga mlango mmoja waliokuwa wakiupitia watu wawili. Binti akajipenyeza dirishani, na mama akabaki uani, si mlezi tena, wala hajawa mzee. Ukimya wa mama huyo hauna budi kusikiwa na mhakiki.

Sasa tumgeukie Zakaria katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Tunafahamu kwamba Ukerewe si Meru, na hatudai kuwa mila za huko zilikuwa hizi. Tunachukua swali tu. Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na Rosa anapoupata uhuru shuleni hajui kuutumia, hadi unamwangamiza. Usomaji uliozoeleka huishia kwenye methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: baba alikaza mno. Lakini methali hiyo huzungumzia malezi, ikanyamaza juu ya siku yanapokwisha. Tukimsoma Zakaria kwa jicho la ntuiko, kosa lake halipimwi kwa uzito wa kiboko peke yake. Nidhamu ya gaaru nayo ilikuwa kali. Tofauti ni kwamba ukali ule ulikuwa na kikomo kilichojulikana na kijana, na baba, na kijiji kizima. Ukali wa Zakaria hauna siku ya kukoma, na yeye mwenyewe hana cheo kinachomngojea baada yake. Rosa anakwenda shule. Zakaria haendi popote.

Huenda tukaambiwa kwamba tunaipamba jadi. Ni kweli kwamba mfumo wa marika uliwapa wanaume utawala, na kwamba asiyezaa aliweza kubaki bila ngazi ya kupandia. Hatupendekezi urejeshwe. Tunasema kwamba ulitambua jambo ambalo uhakiki wetu umelisahau, kwamba ukuaji wa mwana humdai mzazi naye akue.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanaweza kuanzia hapa. Natala (1997), tamthilia ya Kithaka wa Mberia, mwandishi mzaliwa wa Tharaka, imesomwa sana kwa jicho la jinsia, kwa kuwa inahusu mjane anayekataa kurithiwa. Inaweza pia kuulizwa ni nani mwenye mamlaka ya kukiri kwamba mtu mzima amekwisha kuwa mtu mzima. Hali kadhalika, fasihi simulizi ya Embu na Mbeere, iliyokusanywa na Ciarunji Chesaina katika kitabu chake cha 1997, inangoja kusomwa kwa upande wa wazazi. Tuwaulize wahusika hao maswali tuliyozoea kuwauliza wana wao: walitoka wapi, wanakwenda wapi, na ni nani aliyewasindikiza?