Mashine Iliyowashwa Julai

Tarehe 18 Julai 2022, Hispania ikiwa katikati ya wimbi la joto, ekskaveta ya mkandarasi ilikuwa ikitayarisha ardhi ya kupandia miche karibu na Ateca, mkoa wa Zaragoza. Kazi ilikuwa ya Land Life, kampuni ya Uholanzi inayorudisha misitu kwa fedha za makampuni mengine. Chuma kikagonga jiwe, cheche ikaruka, majani makavu yakadaka. Ziliungua hekta zipatazo 14,000, na watu kama 2,000 wakahamishwa makwao.

Kisa mnakijua. Kilizunguka dunia kwa sababu ya kichekesho chake: wapanda miti wameteketeza msitu. Mimi sikucheka, na sikubaliani na walioandika kwamba ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni radi. Ateca kulikuwa na mtu aliyeamua mashine ifanye kazi siku ile, na uamuzi huo ulikuwa mbovu kabla cheche haijaruka.

Tuupime kwa vigezo vya kampuni yenyewe. Kampuni ilieleza kwamba ardhi ilikuwa ikiandaliwa kwa upandaji wa majira ya baridi, kwa kuwa mche hupandwa ukiwa umelala, haujaanza kusukuma majani. Sawasawa kabisa. Basi kutoka Julai hadi mche wa kwanza kuingia ardhini kulikuwa na miezi. Hakuna mche uliokuwa ukikaukia kwenye kitalu ukisubiri shimo. Mvua za vuli zingekuja, majani yangelowa, na cheche ile ile kwenye jiwe lile lile ingekufa pale pale.

Wenzangu wa fani ya misitu watanijibu kwamba udongo mkavu hupasuka vizuri zaidi chini ya jino la mashine, na kwamba shimo lililochimbwa mapema huzinasa mvua za kwanza. Najua. Ndiyo sababu yenye maana kuliko zote ninazoweza kuwatafutia, na bado haitoshi. Faida ya udongo kupasuka vizuri ni asilimia kadhaa za miche kupona. Hasara yake siku ya joto kali ni mlima mzima. Huwezi kuviweka viwili hivyo kwenye mzani mmoja ukasema vinalingana.

Halafu kuna kanuni ya 30, ambayo wazima moto wa Hispania wanaikariri: joto likipita nyuzi 30, unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 30, na upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa, moto ukiwaka haushikiki. Kwa wiki ile nzima joto lilikuwa likitajwa kwa nyuzi 40 na zaidi. Anayesimamia kazi ya chuma kwenye mawe, katikati ya nyasi zilizokauka, hahitaji setelaiti kumwambia azime injini. Hata angekuwa na tanki la maji na watu wenye pampu za mgongoni wamesimama pembeni, siku hiyo ilikuwa ya kupaki mashine na kuwapa vijana likizo. Na linaloniudhi zaidi ni hili: iliripotiwa kwamba kiasi cha mwezi mmoja kabla, kazi za kampuni hiyo hiyo katika eneo hilo hilo zilikuwa zimeshawasha moto mwingine, wa hekta kama 20. Moto wa kwanza ulikuwa onyo la bure. Mashine ikarudishwa kazini.

Mengine ya mradi ule yalikuwa mazuri: spishi za asili, mchanganyiko badala ya shamba la mti mmoja, na kungoja majira ya baridi.

Sasa, kwa nini mtu mwenye akili timamu achimbe Julai? Hapa wasomaji wa siku nyingi wanajua ninakoelekea, na sitawanyima. Biashara hii imejengwa juu ya hesabu ya miche. Kampuni ya simu, benki au shirika la ndege linataka namba ya kuandika kwenye ripoti ya mwaka. Namba inadai mashimo, mashimo yanadai mashine, na mashine ya kukodi inadai kazi kila siku, jua liwe kali lisiwe. Sisemi mkataba wa Ateca uliandikwa hivyo, kwani sijauona. Nasema nimeiona mikataba ya aina hiyo huku kwetu, na karibu yote hulipa mche unaopandwa, si mche unaopona. Na siku ya uzinduzi mnazijua sarakasi zake: fulana mpya, hema, hundi ya kadibodi yenye urefu wa mtu, mkurugenzi akishika jembe kama anayeshika nyoka.

Fedha hizo za makampuni zikija baada ya moto, kosa huwa lile lile kwa sura nyingine. Mwenye fedha anataka kupanda mara moja, majivu yakiwa bado ya moto. Lakini msitu uliotoka kuungua mara nyingi hauombi mche. Msonobari wa Aleppo, mti wa kawaida wa milima hiyo ya Hispania, huwa na koni zilizofungwa kwa utomvu ambazo moto ndio unaozifungua, mbegu zikamwagika juu ya majivu. Mialoni huchipua upya kutoka mizizini. Ukiingiza mashine mwezi wa tatu baada ya moto unakanyaga maotea yenyewe ambayo ungeyanunua kitaluni. Kazi ya kwanza pale ni kuzuia udongo usichukuliwe na mvua: magogo yaliyoungua kulazwa kukingama na mteremko, na mabua ya nafaka kutandazwa juu ya majivu, kama wafanyavyo Galicia, wakati mwingine kwa helikopta. Baada ya hapo unangoja mwaka mmoja au miwili, unahesabu kilichoota, ndipo unajaza mapengo. Nani atadhamini kungoja? Kungoja hakuna picha.

Tuuangalie mlima wetu. Moto wa Oktoba 2020 Kilimanjaro, ulioanzia Whona, ulichoma takribani kilomita za mraba 95, pungufu ya Ateca. Wengi waliuliza ni lini watu watapanda miti. Swali lilikuwa baya. Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima ule kwa miaka mingi, alionyesha katika makala yake ya 2005 kwamba moto wa ukanda wa juu unaunyima mlima maji mengi zaidi kuliko kuyeyuka kwa barafu ambako dunia nzima inakulilia. Misitu ya Erica ya ukanda huo hunasa ukungu na kuudondosha ardhini. Ikiachwa bila kuungua tena, inajirudia. Kwa hiyo fedha ya maana pale ni ya kulipa walinzi, kusafisha barabara za moto na kuwapa wapagazi wa wapanda mlima majiko salama, na ilipwe miaka 20 mfululizo. Hakuna kampuni itakayokata utepe mbele ya barabara ya moto.

Huko Marekani biashara hii ya miti imefika mbali zaidi. Mwaka 2021 moto wa Bootleg, Oregon, uliingia kwenye msitu ambao hewa ukaa yake ilikuwa imeshauzwa, Microsoft ikiwa mmoja wa wanunuzi. Miti inageuka moshi, na risiti ya kaboni yake ipo kabatini.

Mtaniambia nachukia makampuni. Sichukii. Kazi bora ya kurudisha msitu niijuayo katika pwani hii ilifanywa ndani ya kiwanda cha saruji. René Haller alipoanza mwaka 1971 kwenye machimbo ya Bamburi hakuwa na udongo wa kuharibu. Palikuwa na mwamba wa matumbawe uliochongwa hadi karibu na maji. Akajaribu spishi 26. Zikasimama tatu: mvinje, Conocarpus na mnazi. Angekuwa na mfadhili wa leo, angeambiwa apande zote 26 kwa maelfu na kupiga picha kabla hazijafa. Yeye akabaki na mvinje. Majani yake yalipoanza kurundikana bila kuoza, akawaleta majongoo wayatafune, na kutoka kwa kinyesi cha majongoo ukapatikana udongo. Ukitaka kuelewa ubora wa uamuzi ule, ona alivyopiga hatua: jawabu la kila hatua lilipatikana kabla ya kulipia hatua inayofuata.

Na Wangari Maathai? Vuguvugu lake la Green Belt, lililoanza 1977, liliwalipa akina mama senti chache kwa kila mche uliopona. Kifungu hicho kimoja cha malipo kina akili kuliko mikakati mingi ya kurasa 80 niliyolazimika kuisoma. Mtu anayelipwa kwa mche uliopona hachimbi wakati mbaya, kwa sababu hasara ni yake. Karne moja kabla ya Ateca, mwezi huo huo wa Julai, mwaka 1922, Richard St. Barbe Baker na Wakikuyu wa Muguga waliunda Watu wa Miti. Alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni na hilo silisahau, ila kwao kupanda kulikuwa nusu tu ya kiapo. Nusu ya pili ilikuwa kuitunza miti popote ilipo.

Limebaki lile jibu la kawaida, kwamba aliyeshika usukani ni mkandarasi, si kampuni, na wala si wafadhili. Dereva wa ekskaveta hulipwa kwa siku, na siku asiyochimba halipwi. Ukitaka aizime mashine joto likipanda, andika kwenye mkataba kwamba siku ya hatari ya moto atalipwa akiwa amekaa kivulini, na kwamba gharama hiyo ni ya mwenye nembo kwenye bango. Kifungu cha mistari miwili. Hekta 14,000 zilikuwa ghali kuliko hicho.