Kuchuja au Kuteua? Uhakiki wa Istilahi za Ramani za Mitandao ya Kompyuta

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi tatu zilizotumika katika mwongozo mmoja uliofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watumishi wanaosimamia mitandao ya kompyuta maofisini. Hatutautaja mwongozo wenyewe wala walioufasiri, kwani makosa tutakayoyaonyesha yamo katika tafsiri nyingi za aina hiyo. Istilahi hizo ni "ramani iliyochujwa", "na", na "ni". Mbili za mwisho ni ndogo mno, hata msomaji aweza kushangaa kuziona hapa. Lakini ndizo zinazompotosha mtumishi mapema zaidi.

Kwanza yafaa kueleza kazi yenyewe. Programu ya kufuatilia mtandao huviuliza vifaa, yaani ruta, swichi, seva na kadhalika, kila baada ya muda mfupi, kama vingali vikifanya kazi. Njia sanifu ya kuviuliza vifaa vya watengenezaji mbalimbali ilichapishwa mwaka 1988, na matoleo yake ya baadaye yangali yakitumika. Majibu huchorwa kama ramani: kila kifaa ni alama, kila kiungo ni mstari, na rangi hueleza hali, aghalabu kijani ni salama na nyekundu ni hitilafu. Vifaa vikifika mamia, ramani moja haisomeki tena. Hapo msimamizi huweka masharti ya mahali, aina, jina au hali, na programu huchora vile tu vinavyotimiza masharti hayo. Vifaa vingine havionekani katika ramani hiyo, lakini havikuondolewa katika mtandao. Vinaendelea kuulizwa, na hitilafu zake zinaendelea kuandikwa.

Je, hali hiyo ni "kuchujwa"? Tuchukue mfano wa mtumishi aliyeko Morogoro. Mto Mzinga hushuka kutoka Milima ya Uluguru na kuingia katika Bwawa la Mindu, ambalo ni chanzo kikuu cha maji ya mji huo. Maji yakichujwa, tope lililonaswa hakuna anayelihitaji tena. Nyumbani kwake nazi ikichujwa, tui huenda chunguni na machicha hutupwa. Katika uchaguzi, aliyeanguka kwenye mchujo amekwisha kutoka. Kotekote neno hili lina pande mbili zisizo sawa: kinachofaa hupita, kisichofaa huachwa. Hata neno la Kiingereza lililofasiriwa hapa lilianza kwa kutaja kitambaa kizito cha manyoya kilichotumiwa kuchujia vimiminika; lakini katika lugha hiyo limekwisha kupata maana ya pili, ya kuonyesha baadhi tu ya vitu. Mfasiri amechukua maana ya kwanza mahali palipohitaji ya pili.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtumishi akifungua ramani "iliyochujwa" kwa sharti la kata ya Mzinga, asiione ruta ya Bigwa, jina la ramani humwambia kwamba ruta hiyo imeondolewa. Au humwambia jambo baya zaidi: kwamba alichobakiziwa ni mtandao safi. Alama zote ni kijani, naye anakwenda zake nyumbani, kumbe hitilafu imo katika kifaa ambacho ramani yake haikukichora.

Kwa hiyo tunapendekeza "ramani teule". Neno "teule" si geni kwa watumishi wetu. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara iliwahi kuwa hospitali teule ya wilaya, na hakuna aliyedhani kuwa zahanati nyingine zimefungwa kwa sababu hiyo. Kuteua ni kukiweka kimoja mbele kwa kazi maalumu. Vingine hubaki mahali pake.

Yawezekana mtu akapinga kwa kusema kuwa "kichujio" kimekwisha kuenea katika istilahi za kompyuta. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi hatutaki kukifuta. Programu inayozuia barua taka huchuja hasa, kwani kinachozuiliwa ni taka. Tunachokataa ni kulilazimisha neno hilohilo mahali ambapo hakuna taka wala kinachozuiliwa.

Istilahi ya pili ni "na". Katika Kiswahili, anayetaka kuona "vifaa vya Mzinga na Bigwa" anataka makundi yote mawili. Mwongozo umelitumia neno hilo kuunganisha masharti, lakini programu hulielewa kwa maana nyingine: hutafuta kifaa kilicho Mzinga na wakati huohuo kiko Bigwa. Kifaa cha namna hiyo hakipo, hivyo ramani hutoka tupu. Mtumishi atailaumu mashine, hali kosa ni la mfasiri. Ingeandikwa wazi "yatimie masharti yote" au "litimie sharti lolote", utata usingekuwapo.

Ya tatu ni "ni". Programu hutofautisha jina lililo sawasawa na neno lililoandikwa, na jina lenye neno hilo ndani yake. Mwongozo umeandika "jina ni" katika hali zote mbili. Sasa, Mzinga ni kata, ni mto, ni shirika. Mto mwingine wenye jina hilo uko Dar es Salaam. Na katika kamusi mzinga ni wa nyuki na ni wa vita. Mashine hulinganisha herufi, haijui maana. Akitaka jina lenyewe tu, huenda akaletewa kila kifaa chenye herufi hizo. Akitaka vyote, huenda akakosa hata kimoja.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

1. Ramani teule: ramani inayoonyesha vifaa vinavyotimiza masharti yaliyowekwa, bila kuviondoa vingine katika mtandao.
2. Masharti yote, sharti lolote: badala ya "na" na "au" zikisimama peke yake.
3. Jina ni sawa na. Jina lina: kwa kutofautisha ulinganifu kamili na wa sehemu.

Haki idai yake: mwongozo huo umetumia vizuri "mtandao", neno lililozaliwa na kitenzi "kutanda", pamoja na "kiungo" na "kifaa". Wafasiri wake wanajua Kiswahili. Walichokosa ni kuketi na mtumishi mbele ya kioo cha kompyuta, wakamwuliza: Usichokiona hapa, wadhani kimekwenda wapi? Istilahi ya ramani inayomfanya ajibu "kimeondolewa" haifai, hata ikiwa imeundwa kwa ufasaha namna gani.