Namba iliyogeuka mtu

Chukua simu yako, piga *150*00#, uanze kumtumia mtu pesa. Utaombwa mambo matatu kwa zamu: namba ya simu ya unayemtumia, kiasi, kisha namba ya siri. Yote matatu ni tarakimu tupu, na unazibonyeza kwa kidole kilekile. Lakini mawili yameitwa namba na moja limeitwa kiasi. Mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, Tanga, hababaiki hata kidogo: anajua elfu hamsini si namba. Elfu hamsini zinahesabika na zinapungua. Namba ya simu haihesabu kitu. Ijumlishe yako na yangu uone utapata nini.

Mpaka huo mdogo kati ya namba na kiasi ndio ninaotaka kuuchambua, kwa kuwa Kiingereza, lugha iliyotupa neno hili, hakina mpaka huo. Number ya Mwingereza ni gunia. Ndani yake mna wingi wa vitu, tarakimu iliyoandikwa, alama ya kutambulisha, toleo la jarida, wimbo mmoja katika onyesho, hata gauni lililomkaa mtu vizuri. Wanasarufi wao huuita hata umoja na wingi kwa neno hilohilo. Kiswahili hakikubeba gunia. Kilitia mkono ndani, kikatoa kitu kimoja, kikafunga.

Sababu ni kwamba mengine yote kilikuwa nayo. Watu wa mwambao walioishi kwa biashara ya meno ya tembo na vitambaa hawakungoja mgeni awafundishe kuhesabu. Kutokana na Kiarabu walishajichotea hesabu, idadi na tarakimu. Kilichopungua ni jina la alama inayofanana na hesabu lakini haihesabu: ile inayochorwa kwenye behewa, kwenye mlango, kwenye faili. Hapo ndipo namba ilipopata kiti. Ndiyo maana fundi wa gereji husema "lete spana namba kumi na tatu" wakati spana ni moja tu, na muuza mitumba hukuuliza "unavaa namba ngapi?" bila kutaka kujua una viatu vingapi.

Umbo la neno nalo linasema lilipotoka. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga yalianzishwa na Wajerumani, na Kijerumani kina neno lake, Nummer, kwa hiyo mtu angeweza kudhani tumelitoa huko. Lakini sikiliza sauti. Irabu u ya Kijerumani Kiswahili huiacha kama ilivyo: Schule imekuwa shule. Irabu ya kwanza ya neno la Kiingereza huwa a kwetu, kama ilivyo katika basi, klabu na raba. Mwisho wa neno nao umefuata njia ya dereva, yaani ile -er imelegezwa ikawa a. Kisha kuna b, ambayo Mjerumani hana. Neno la Kijerumani lingetuachia kitu kama "numa". Kwa hiyo namba ni mtoto wa Kiingereza, hata kama lilikulia katika shamba lililopimwa na Mjerumani. Wakenya wengi, na vitabu vingi vya sarufi, wana ndugu yake nambari, aliyebakisha r na kuitilia irabu nyuma ili itamkike.

Sasa twende shambani, maana huko ndiko neno lilikofanya kitu ambacho Mwingereza mwenyewe hakukitarajia.

Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na hatimaye ukafika Moshi. Mkonge ni zao linalokula mikono. Majani hukatwa moja moja kwa kisu, hufungwa mafungu ya thelathini thelathini, husombwa hadi kwenye korona, mashine inayoyaponda na kuyakwangua mpaka zibaki singa. Katika kila kilo mia za majani, singa kavu ni kama kilo nne tu. Wabondei, Wadigo, Wazigua na Washambaa walikuwa na mashamba yao ya kulima, na wengi hawakuona sababu ya kuyaacha. Basi mikono ikatafutwa mbali.

Wajerumani walianzisha kipande: kadi ya siku thelathini za kazi, inayotiwa alama kila siku, na mshahara ukipatikana kadi ikijaa. Neno hilo ni letu wenyewe, kipande cha kitu chochote, lakini mashambani liligeuka kuwa mwezi, deni na mshahara kwa pamoja. Chini ya Waingereza uandikishaji ulipanuka. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi ya kutafuta wafanyakazi, na jina lake likafupishwa kuwa SILABU. Mwanafunzi wa isimu leo akisikia silabu anafikiria pigo la sauti katika neno. Kwa vijana wa Songea, Njombe na Kigoma wa wakati ule, Silabu ilikuwa lori. Uliandikwa jina, ukapewa namba, ukapandishwa, ukasafirishwa hadi Tanga. Walitoka pia ng'ambo ya mipaka, Burundi na Msumbiji. Kazi yao iliifanya nchi kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko wote duniani. Mwaka 1964 zilitoka tani zipatazo 230,000.

Watu hao wakaitwa manamba. Hebu tulifungue neno hili kama fundi anavyofungua injini.

Kiambishi ma- ni kawaida kwa watu wenye kazi au cheo: karani makarani, dereva madereva, bwana mabwana. Katika jozi hizo zote umoja unapatikana kwa kung'oa ma-. Jaribu kuing'oa kwenye manamba. Unabaki na namba, na namba si mtu, ni ile alama aliyopewa. Ndipo wasemaji, bila kamati wala kamusi, walipoamua ma- isitoke kabisa: manamba mmoja, manamba kumi. Upatanisho ukafuata mtu, siyo kitu. Tunasema "manamba amefika" na "manamba wamefika". Hakuna asemaye "manamba yamefika" kama anavyosema maembe. Kwa herufi mbili, alama ya kwenye daftari ilipewa miguu na sarufi ya binadamu.

Haikuishia hapo. Watu walisema "kwenda manamba", kama wasemavyo kwenda shule au kwenda jeshi, bila kwa wala kwenye. Hapo manamba si mtu tena, ni kipindi cha maisha ambacho mtu huingia na pengine akatoka. Wengine wakaunda umanamba, hali yenyewe. Na neno lilipovuka mpaka lilipata kazi nyingine: Nairobi, manamba ni kijana wa matatu anayeita abiria. Huko nako halikosi mizizi, kwani matatu hutambulishwa kwa namba za njia zake.

Shamba lenyewe lina kichekesho chake. Aina ya mkonge iliyokuja kutawala ilianzia katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, na ikajaribiwa Mlingano, karibu na Muheza. Rasmi inaitwa 11648. Wanaoulima huuita mkonge chotara. Mtu aliyefika na jina alipewa namba, na mmea uliofika na namba ukapewa jina.

Barabarani neno limetembea kwa njia nyingine. Kibao cha gari letu la kawaida kina T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na herufi ya kwanza kati ya hizo tatu husogea kadiri miaka inavyokwenda. Madalali hawasemi gari la mwaka fulani, husema "IST namba D" au "hii ni namba E, mpya kabisa". Tazama kilichotokea: D ni herufi, lakini inaitwa namba. Kwa Mwingereza huo ni mkanganyiko. Kwetu hakuna kosa lolote, maana tangu mwanzo namba hatukuielewa kuwa tarakimu. Tuliielewa kuwa alama ya kutambulisha, na herufi inatambulisha vizuri tu.

Kutoka kwenye kibao hichohicho tulipata "kuisoma namba". Wengi huueleza msemo huu kwa picha ya barabara: aliyeachwa nyuma kazi yake ni kusoma namba ya gari lililompita. Ulivuma mno wakati wa uchaguzi mkuu wa 2015, kwa maana ya mtakiona. Baada ya muda waliotishwa nao waliuchukua wakajisemea wenyewe, na leo mtu ambaye mwezi umemfika shingoni husema "tunaisoma namba" huku akicheka.

Uwanjani Mkwakwani utasikia matumizi ambayo ni magumu zaidi kumfafanulia mgeni. Shabiki wa Coastal Union atamtazama kijana aliyekaa benchi, jezi yake ina 27 kubwa mgongoni, na atasema kwa masikitiko: "Anajua mpira, ila hana namba." Namba anayo, tunaiona sote. Asichokuwa nacho ni nafasi katika kikosi cha kwanza. Namba hugombewa, hupokonywa, hurudishwa mtu akipona goti. Lile neno lililowaingiza watu shambani sasa ni kitu mtu anachokililia.

Lakini neno hili lina mahali lilipogonga mwamba. Mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa hesabu, na mtu wa Tanga atakuelekeza Barabara ya Tano, Barabara ya Kumi, Barabara ya Ishirini. Hasemi "barabara namba tano". Zile si alama zilizobandikwa, ni mpangilio: ukitoka ya nne unaingia ya tano. Mpangilio Kiswahili kilikuwa na chombo chake, ile "ya" ndogo ya uhusiano, na hakikuona haja ya kuazima. Linganisha na "kumbukumbu namba" inayodaiwa unapolipa bili kwa simu. Hapo mpangilio wa Kiingereza umepita mlangoni na viatu vyake. Kiswahili kingesema namba ya kumbukumbu, na kila mtu angeelewa.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa jambo la kuangalia. Neno lenyewe halina hatari yoyote, tumelifuga vizuri. Siku hizi, hata hivyo, wachambuzi wa redioni wameanza kusema "namba hazidanganyi" na "tuangalie namba zake za msimu", wakimaanisha takwimu. Vitu tulivyoviacha ndani ya gunia vinaanza kuchomoza. Kwa mwandishi au mhariri ushauri wangu ni wa menyu ya simu: panapohesabiwa kitu weka idadi, kiasi au takwimu, panapotambulishwa kitu weka namba. Simu imekuwa ikilishika somo hilo kila siku, mamilioni ya mara.

Ukifika Muheza au Korogwe, kaa na watu kwenye kahawa. Haitapita jioni kabla ya mmoja kusema "babu yangu alikuja manamba". Wenzake watamuuliza alitoka Songea au Kigoma, alishukia shamba gani, alimwoa nani. Alikuwa namba ngapi, hakuna atakayeuliza.